Kutoka Roma hadi Bizanti

Milki ya Bizanti ni jina la dola la Zama za Kati lililotawala upande wa mashariki wa Bahari ya Kati, makao yake makuu yakiwa Konstantinopoli, jiji ambalo leo ni Istanbul nchini Uturuki. Raia wake hawakulijua jina hilo. Walijiita Warumi, mtawala wao alikuwa kaisari wa Warumi, na majirani zao Waarabu waliwaita Rum. Jina la Bizanti lilienezwa na wanazuoni wa Ulaya kuanzia karne ya 16, wakati dola lenyewe lilikwisha kuangushwa na Waturuki wa Osmani mwaka 1453.

Kwa hiyo haipo siku ambayo Roma ilikufa na Bizanti ikazaliwa. Zipo karne nne na zaidi, tangu mwisho wa karne ya 3 hadi katikati ya karne ya 8, ambazo ndani yake dola lilelile lilibadilika kodi, jeshi, dini, lugha, miji na mipaka, mpaka likawa halifanani tena na dola la Augustus. Vitabu hupenda kutaja mwaka mmoja: 330, jiji jipya lilipozinduliwa, 395, dola lilipogawanywa, 476, kaisari wa mwisho wa magharibi alipouzuliwa. Kila mwaka una watetezi wake. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba mageuzi yenyewe yalitokea katika karne ya 7, na kwamba anayetaka kuyaelewa asianzie kwenye majumba ya makaisari bali kwenye hazina: nani alitozwa kodi, alitozwa nini, na kodi hiyo ilimfikiaje askari.

Misingi ya Diocletian na Constantine

Kati ya mwaka 235 na 284 Roma ilipitia makaisari zaidi ya ishirini, wengi wao wakiuawa na askari wao wenyewe. Sarafu ya fedha ilichakachuliwa hadi ikawa shaba iliyopakwa fedha juu juu. Diocletian, mwanajeshi kutoka Dalmatia, alipotwaa madaraka mwaka 284 alikuta dola ambalo halikuwa na njia ya kuaminika ya kuwalipa walinzi wake.

Alichofanya kilikaa muda mrefu kuliko yeye. Kuanzia mwaka 293 utawala uligawanywa kwa watu wanne, makaisari wakuu wawili na wasaidizi wawili. Mikoa ilikatwa vipande hadi idadi yake ikafika karibu mara mbili, ikakaribia mia moja. Liwali wa mkoa akanyang'anywa askari, na jemadari akanyang'anywa kodi, ili asipatikane mtu mmoja mwenye fedha na panga kwa pamoja. Ardhi na watu vilihesabiwa upya, na sehemu kubwa ya kodi ikatozwa kwa mazao na vitu: ngano, mafuta, nyama, nguo za askari. Baadaye, kuanzia mwaka 312, miaka ya kodi ikahesabiwa kwa mizunguko ya miaka 15, na makarani wakaendelea kuandika tarehe kwa mizunguko hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Si kila jambo lilifaulu. Amri ya bei ya mwaka 301, iliyotishia kifo kwa atakayeuza kupita kiwango, ilifanya bidhaa zifichwe, ikaachwa.

Constantine, aliyebaki mtawala pekee mwaka 324, aliongeza nguzo mbili. Ya kwanza ni sarafu ya dhahabu, solidus, iliyopigwa vipande 72 kwa ratili moja ya Kirumi, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 4.5 hivi. Ubora wake ulilindwa hadi karne ya 11, jambo ambalo benki kuu yoyote ya leo ingelionea wivu. Kosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria aliyefika Aksum katika karne ya 6, alijigamba kwamba mataifa yote hufanya biashara kwa sarafu hiyo; ni Kosmas huyohuyo aliyetaja Zingion, upande wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, kuwa iko mbele ya nchi za ubani.

Nguzo ya pili ni jiji jipya, lililozinduliwa tarehe 11 Mei 330 mahali palipokuwa na mji wa Kigiriki wa Byzantion. Lilikaa kwenye mlangobahari kati ya Ulaya na Asia, katikati ya mipaka miwili iliyosumbua zaidi, Mto Danubi upande mmoja na Mto Frati upande mwingine. Meli za ngano ya Misri, zilizokuwa zikienda Roma, zikaelekezwa huko, na wakazi wakagawiwa mkate wa bure. Mkate huo tutakutana nao tena.

Ukristo uliruhusiwa mwaka 313, ukapata mtaguso wake mkuu wa kwanza Nisea mwaka 325, na mwaka 380 Theodosius I akaufanya imani rasmi ya dola. Maaskofu wakawa watu wa serikali kwa namna ambayo makuhani wa miungu ya kale hawakuwahi kuwa.

Kwa nini mashariki ilibaki

Theodosius alipofariki mwaka 395 wanawe wawili waligawana utawala, Arcadius mashariki na Honorius magharibi. Kisheria dola lilikuwa bado moja. Kilichotenganisha pande hizo ni mapato. Magharibi ilipoteza mikoa yake mmoja baada ya mwingine kwa Wagothi, Wavandali na wengineo, na kila mkoa uliopotea uliondoka na kodi iliyokuwa ikilipa jeshi la kuulinda unaofuata. Pigo zito lilikuwa Karthago, iliyotekwa na Wavandali mwaka 439, kwa sababu Afrika Kaskazini ndiyo iliyokuwa ikilisha Italia. Mwaka 468 pande zote mbili zilituma jeshi kubwa la majini kuirudisha, na jeshi hilo likateketezwa. Baada ya hapo lililobaki magharibi lilikuwa ni suala la muda tu.

Mwaka 476 Odoacer, jemadari wa askari wa kukodiwa nchini Italia, alimwondoa kijana Romulus Augustulus. Hakumuua. Alimpa pensheni, na mavazi na alama za ukaisari zikapelekwa kwa Zeno kule Konstantinopoli, pamoja na ujumbe kwamba kaisari mmoja anatosha. Kwa watu wa zama hizo tendo hilo halikuwa mwisho wa dunia. Wengi wa wakulima wa Italia waliendelea kulipa kodi kwa makarani walewale.

Mashariki ilikuwa na bahati ya jiografia. Misri, Palestina na sehemu kubwa ya Shamu zilikuwa mbali na Mto Danubi, na aliyevamia kutoka Balkani alisimamishwa na maji ya mlangobahari na kuta zilizojengwa mwaka 413 katika utawala wa Theodosius II. Ilikuwa pia na watawala wabahili, sifa ambayo wanahistoria huipuuza. Anastasius, ofisa wa ikulu aliyefanywa kaisari mwaka 491, alifuta kodi iliyochukiwa ya wafanyabiashara, akatengeneza upya sarafu za shaba ili mtu wa sokoni apate chenji, na bado alipofariki mwaka 518 aliacha hazinani ratili 320,000 za dhahabu, kwa hesabu ya mwanahistoria Procopius.

Akiba hiyo ilimwezesha Justinian, aliyetawala kuanzia 527 hadi 565, kuwa Justinian. Alikusanya sheria zote za Kirumi kati ya mwaka 529 na 534, akajenga kanisa la Hagia Sophia kwa miaka mitano, akairudisha Karthago mwaka 533 na kupigana Italia kwa karibu miaka ishirini. Alituma wajumbe hata kwa mfalme wa Aksum kuomba Waethiopia wanunue hariri ya India ili Waajemi wasifaidike. Mkusanyo wa sheria uliandikwa kwa Kilatini, lakini amri zake mpya alizitoa zaidi kwa Kigiriki ili wananchi wazielewe. Naye ndiye kaisari wa mwisho ambaye Kilatini kilikuwa lugha yake ya nyumbani.

Mwaka 541 tauni ilizuka Pelusium, kwenye pwani ya Misri, na mwaka uliofuata ikafika Konstantinopoli. Ikawa inarudi kila baada ya miaka kadhaa kwa karne mbili. Mlipa kodi aliyekufa hakufutwa kwenye daftari. Deni lake walibebeshwa majirani. Justinian alipofariki, dola lilikuwa kubwa kwenye ramani na jepesi mfukoni. Italia, iliyorudishwa kwa gharama kubwa hivyo, ilivamiwa na Walangobardi mwaka 568.

Karne iliyokata mti

Mwaka 602 askari wa Mto Danubi, waliochoshwa na amri za kupigana wakati wa baridi na malipo yaliyopunguzwa, waliasi, wakamuua kaisari Maurice na kumtawaza Phocas, ofisa wa cheo cha chini. Mfalme wa Uajemi, Khosrow II, ambaye Maurice ndiye aliyemsaidia kurudi kwenye kiti chake, akatangaza vita vya kisasi. Vita hivyo vilidumu hadi mwaka 628, navyo ndivyo vilivyoikata dunia ya kale.

Heraclius, mwana wa gavana wa Karthago, alifika na meli zake mwaka 610 na kumwondoa Phocas. Hakukuta nafuu. Yerusalemu ilitekwa mwaka 614, na miaka michache baadaye Waajemi wakaingia Misri. Mwaka 618 mkate wa bure wa Konstantinopoli, uliotolewa tangu enzi za Constantine, ukasimamishwa, kwa kuwa ngano haikuwepo tena. Heraclius aliyeyusha vyombo vya fedha vya makanisa ili apige sarafu. Mwaka 626 Waavari walilizingira jiji kutoka Ulaya huku Waajemi wakisubiri ng'ambo ya pili ya maji, kuta zikastahimili. Desemba 627 Heraclius aliwashinda Waajemi karibu na magofu ya Ninawi, na mwaka uliofuata amani ikapatikana. Wasomaji wa Kurani wanalijua tukio hili kwa upande mwingine: sura ya 30, Ar-Rum, inataja kushindwa kwa Warumi na kubashiri ushindi wao.

Ushindi huo haukudumu hata miaka kumi. Mwaka 636 majeshi ya Waislamu yalilivunja jeshi la Heraclius kwenye Mto Yarmuk. Shamu na Palestina zikaondoka, na kufikia mwaka 642 Aleksandria nayo. Heraclius alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia.

Huyu Heraclius anayo sehemu yake katika fasihi ya Kiswahili. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani na ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili tunayoijua, unasimulia vita vikali kati ya jeshi la Mtume na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi. Kihistoria safari ya Tabuk ya mwaka 630 haikuishia kwenye mapambano na Warumi; mapigano yaliyotokea ni yale ya Muta mwaka uliotangulia. Hata hivyo mtunzi wa Pate hakukosea katika jambo moja: alimwona mpinzani huyu kama mfalme wa Rumi, si wa Bizanti, kama alivyojiona mwenyewe.

Dola lililobaki lilikuwa Anatolia, sehemu ya Thrakia, miji ya pwani ya Ugiriki, Sisilia, vipande vya Italia, na Karthago hadi ilipotekwa mwaka 698. Misri, mlipaji mkubwa kuliko wote, haikuwemo. Ndani ya Balkani Waslavi walikuwa wamelowea mashambani. Kwa kawaida serikali inayopoteza sehemu kubwa kiasi hicho ya mapato yake husambaratika, kama ilivyosambaratika ile ya magharibi. Hii haikusambaratika, na jibu la kwa nini ndilo kiini cha somo lote.

Askari waliohamia kwa mlipa kodi

Majeshi yaliyoshindwa yalirudi nyuma hadi Anatolia, kila moja likawekwa kwenye eneo lake. Jeshi la Mashariki likakaa katikati na kusini, na eneo hilo likaitwa Anatolikon. Jeshi la Armenia likapata kaskazini-mashariki, Armeniakon. Jeshi la Thrakia likavushwa na kuwekwa magharibi, Thrakesion. Kikosi cha walinzi wa kaisari kikawa Opsikion, karibu na mji mkuu. Maeneo haya yaliitwa themata. Wanahistoria wa kizazi kilichopita waliamini kwamba Heraclius, kwa amri moja, aliwagawia askari mashamba na kuunda jeshi la wakulima. Ushahidi hauungi mkono amri kama hiyo. Inavyoelekea, serikali iliyokuwa imeishiwa sarafu iliwasogeza askari walipo walipa kodi, wakalishwa kwa mazao ya mahali pale, na taratibu, kwa ndoa, urithi na ununuzi, familia za askari zikawa na ardhi. Sheria zinazotaja mashamba ya askari waziwazi ni za karne ya 10.

Dalili za uchumi huu zimebaki katika mihuri ya risasi. Kati ya miaka ya 650 na 730 hivi, maofisa walioitwa kommerkiarioi walipiga mihuri inayotaja ghala za serikali na majina ya mikoa, mingi ikiwa na mwaka wa ule mzunguko wa miaka 15. Kazi yao hasa inabishaniwa, lakini wachunguzi wengi wanaihusisha na ukusanyaji na usambazaji wa mazao na vifaa. Karani wa Diocletian angeuelewa muhuri ule bila kuelezwa.

Asingeelewa jambo jingine. Kamanda wa kila eneo, strategos, polepole alipata mamlaka juu ya askari na raia pamoja, mchanganyiko uleule ambao Diocletian aliukataza. Justinian alikwisha kuujaribu katika mikoa michache. Karne ya 7 iliufanya kuwa kawaida. Gharama yake ilionekana upesi: makamanda wa themata waliasi mara kwa mara, na kati ya mwaka 695 na 717 kiti cha ukaisari kilibadilisha mikono mara saba.

Miji ndiyo iliyobadilika kwa macho. Mji wa Kirumi ulikuwa na baraza la matajiri, bafu, ukumbi wa michezo, soko lenye nguzo. Katika sehemu nyingi za Anatolia sarafu ndogo za shaba zinakoma kupatikana kwenye tabaka za nusu ya pili ya karne ya 7, ishara kwamba soko la kila siku lilikuwa limelala. Efeso ilijengewa ukuta mpya uliouacha nje mtaa mkubwa wa mji wa kale. Ankara ilipanda kilimani, ndani ya ngome iliyojengwa kwa mawe ya mahekalu na makaburi ya zamani. Kilichoitwa mji sasa kilikuwa boma, askofu na ghala ya nafaka ya askari, na matajiri wa mabaraza hawakuwepo tena. Aliyetaka cheo na mshahara wa dhahabu ilimbidi aende Konstantinopoli. Kwa hiyo umaskini wa mikoa ulimpa kaisari nguvu ambayo wafalme wa Ulaya magharibi, waliokuwa wakiwalipa wapiganaji wao kwa ardhi, hawakuwa nayo.

Konstantinopoli yenyewe ilisinyaa. Waavari waliukata mfereji mkuu wa maji mwaka 626, na haukutengenezwa hadi mwaka 766, kaisari Constantine V alipoleta mafundi kutoka mikoani. Kwa miaka 140 jiji liliweza kuishi kwa mabirika, visima na mifereji midogo, jambo linaloonyesha watu walivyopungua. Lakini kuta zilibaki. Jeshi la Waarabu chini ya jemadari Maslama lililozingira jiji mwaka 717 na 718 lilishindwa na kuta hizo, na baridi kali, na Wabulgari, na moto wa majimaji uliomwagwa kwenye meli zake kwa mitambo, ufundi ulioletwa na Kallinikos, mkimbizi kutoka Shamu.

Lugha, sheria na imani zilifuata nyayo. Mwaka 629 Heraclius alianza kutumia katika sheria cheo cha Kigiriki cha basileus, mfalme, badala ya mlolongo wa vyeo vya Kilatini. Mwaka 741 kaisari Leo III alitoa Ecloga, kitabu kifupi cha sheria kwa Kigiriki. Chenyewe kinakiri kwamba vitabu vya zamani vilikuwa vigumu kueleweka. Adhabu nyingi za kifo zikawa za kukatwa viungo, jambo ambalo watunzi wake waliliona kuwa huruma. Nao ubishi wa karne mbili juu ya hali za Kristo, ambao makaisari walijaribu kuutuliza ili wasiwapoteze Wakristo wa Misri na Shamu, ulimalizwa na mtaguso wa mwaka 680 na 681, kwa kuwa Wakristo wale walikuwa sasa chini ya khalifa na hapakuwa na wa kumbembeleza. Ugomvi uliofuata, juu ya sanamu takatifu, ulikuwa wa nyumbani.

Warithi wengine

Si haki kusema kwamba Konstantinopoli pekee ndiyo iliyomrithi kaisari. Makhalifa wa Dameski waliichukua mikoa tajiri zaidi pamoja na makarani wake, na daftari za hazina ya Shamu ziliendelea kuandikwa kwa Kigiriki hadi karibu mwaka 700. Dhahabu iliyotumika huko ilikuwa solidus hadi khalifa Abd al-Malik alipotoa dinari yenye maandishi matupu mwaka 696 au 697. Ukipima urithi kwa utajiri wa ardhi na mfumo wa kodi, khalifa alipata fungu nono. Konstantinopoli ilibaki na jina, sheria, na mazoea ya kutoza kodi hata pale ambapo kilichokuwepo cha kutoza kilikuwa kidogo.

Jina nalo likapata mdai. Siku ya Krismasi mwaka 800 Papa Leo III alimvika Charlemagne, mfalme wa Wafranki, taji la kaisari mjini Roma. Konstantinopoli ilikuwa ikitawaliwa na mwanamke, Irene, na wapo wa magharibi waliodai kwamba kwa hiyo kiti kilikuwa wazi. Ugomvi uliendelea hadi mwaka 812, wajumbe wa kaisari Michael I walipomsalimu Charlemagne mjini Aachen kwa cheo cha basileus bila kutaja ni wa nani. Tangu wakati huo sarafu za fedha za Konstantinopoli, ambazo hapo awali zilitosheka kumwita mtawala basileus tu, zikaanza kuandikwa basileus wa Warumi.